Njugu za kumi na karatasi ya mkopo: sisi Wakenya tunamficha nani hasa mambo yetu?

#1. Kapteni_Saiba, Nakuru

Wakuu, hamjambo.

Jumamosi jioni nilinunua njugu za kumi pale steji. Mama akazimimina kwenye karatasi iliyoviringishwa mfano wa pembe, kama kawaida. Nikatafuna nikishuka, nikafika chini, nikaona macho yananitazama. Ni kitambulisho, mbele na nyuma, kimetolewa kopi juu ya fomu ya kuomba mkopo. Jina kamili, namba ya kitambulisho, simu, mahali pa kazi, mshahara, kiasi anachoomba, na chini wadhamini wawili na namba zao. Chumvi imegandia kwenye paji la uso la dada wa watu.

Nikamwonyesha mke wangu. Kwanza alicheka. Kisha akasoma sehemu ya mshahara, akasema, "Kumbe wanalipwa hivi?" Hapo nikampokonya karatasi.

Tangu siku hiyo kuna jambo linanisumbua. Watu husema Mwafrika hana habari na faragha, kwamba kwetu mlango uko wazi na kila mtu ni wa kila mtu. Mimi nakataa. Lugha yetu ina faragha, ina siri, ina sitara, ina staha. Hodi yenyewe ni ombi: unapiga mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Na siri ya maiti aijuaye mwosha, wala mwosha hatangazi.

Ila angalia ninayoyaona kazini, maana nina saiba, duka la kompyuta na kopi. Mtu anakuja kufungua akaunti yake ya ushuru. Anaziba skrini kwa mgongo ili jirani wa kompyuta ya pili asione. Halafu ananitajia neno lake la siri kwa sauti. Wengine wameniomba niwaandikie kwenye daftari ili wasisahau. Nina daftari lenye maneno ya siri ya watu zaidi ya mia mbili. Kwao mimi ni kama printa tu, kifaa cha kazi. Wa kuogopwa ni yule wa kompyuta ya pili.

Sasa nauliza: kwenu pia ni hivyo? Na je, kuna siku mlibadilika?

#2. Nyar_Nyalenda, Kisumu

Mleta mada umenigusa. Mimi ni mweka hazina wa kudumu wa matanga ya ukoo. Sijui nani alinichagua.

Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa jioni ile ile ya msiba. Kufikia asubuhi tuko watu 180, nusu yao sijawahi kuwaona. Kila saa mbili naweka orodha: jina, kiasi, jina, kiasi. Ukitoa 200 ukoo mzima unajua ulitoa 200. Watu wanasema ni uwazi, fedha isiliwe. Ni kweli. Lakini pia ni mjeledi, na wote tunajua ni mjeledi.

Mwaka juzi mjomba mmoja alituma 300. Badala ya kunyamaza akasambaza ujumbe wote wa M-Pesa kama ushahidi, na salio likiwa pale mwisho: 82,000 na kitu. Alifuta baada ya dakika tatu. Dakika tatu kwenye kikundi cha Wajaluo wenye msiba ni miaka mitatu. Mpaka leo anaitwa Salio.

Namba zetu 180 zikiwa mikononi mwa wageni hakuna aliyelalamika. Kilichouma ni salio kuonwa na shemeji. Kwa hiyo ndiyo, kwetu ni hivyo.

#3. Wakili_wa_Mtaa, Kakamega

Ndugu Kapteni, hoja yako ni nzuri, lakini usidhani ni ya Wakenya peke yao. Kila jamii ina yule inayemwogopa, na sheria zake zinafuata hofu hiyo.

Marekani, mawakili wawili, Warren na Brandeis, waliandika mwaka 1890 kuhusu haki ya mtu kuachwa peke yake. Kilichowaudhi ni magazeti na kamera ndogo mpya zilizokuwa zikiingia kwenye mambo ya nyumbani. Adui wao alikuwa mwandishi wa habari. Ujerumani ni habari nyingine. Sheria ya kwanza duniani ya ulinzi wa data ilitungwa kwenye jimbo la Hesse mwaka 1970. Mwaka 1983 serikali ilipotaka kuhesabu watu kwa maswali mengi kupita kiasi, wananchi wakagoma, na mahakama ya katiba ikasema mtu ana haki ya kuamua mwenyewe habari zake ziende wapi. Pale adui ni dola.

India ndiyo naipenda zaidi. Serikali ilisimama mahakamani ikadai katiba haimpi raia haki ya msingi ya faragha. Aliyefungua kesi alikuwa jaji mstaafu, mzee K. S. Puttaswamy, akipinga namba ya utambulisho ya raia, Aadhaar, yenye alama za vidole na mboni za macho. Agosti 2017 majaji tisa, wote kwa kauli moja, wakasema haki hiyo ipo.

Sisi je? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinasema habari za familia yako na mambo yako binafsi zisitakiwe wala kufichuliwa pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ikaja Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, akateuliwa 2020. Kwa hiyo karatasi ya njugu si kichekesho, ni kosa. Mwaka 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kubandika picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto.

#4. Boda_Msomi, Njoro

Wakili, umeanza na Marekani 1890, tutafika Njoro saa ngapi?

#5. Wakili_wa_Mtaa, Kakamega

Panda tu, nauli nimelipa.

#6. Sista_Kliniki, Homa Bay

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na tisa, kumi na moja kati yake kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mkitaka kujua tunamficha nani, njooni mkae kwenye benchi letu asubuhi moja.

Wagonjwa wangu wengi si wa hapa. Wanatoka tarafa za mbali, wengine wanavuka kaunti, wanapita vituo vitatu vya afya njiani. Wa hapa nao huenda Kisii au Kisumu. Mtu analipa nauli 600 ili ahudumiwe na mgeni. Kwa huyo mgeni atataja kila kitu: jina, mume, idadi ya wapenzi, tarehe. Nitaingiza yote kwenye kompyuta, na hataniuliza hata mara moja kompyuta ile inazungumza na nani. Akitoka nje, anamwaga vidonge kwenye mfuko wa nailoni na kuitupa chupa, kwa sababu chupa inalia ndani ya mkoba. Ule mlio kila mtu kwenye matatu anaujua.

Mwaka 2015 ilitoka amri kutoka juu: zikusanywe orodha za watoto wa shule wanaoishi na virusi, na walezi wao. Nia labda ilikuwa njema, kupanga dawa. Lakini sisi tulijua maana ya orodha kupita kwa mwalimu mkuu, kwa chifu, kwa karani. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 ikaamuliwa kwamba amri ile ilikiuka katiba. Nakumbuka mama mmoja aliyenijia wakati ule, hajui kusoma, akanishika mkono: "Sista, jina la mtoto liko kwa nani sasa?"

Hilo swali nilikuwa sijawahi kulisikia kabla. Sasa nalisikia kila mwezi. Kwa hiyo Kapteni, ukiuliza tulibadilika lini, upande wangu ni pale.

#7. Jadolo_wa_Gem, Siaya

Sista amesema kweli. Niongeze la kwetu. Gem, Asembo na baadaye Karemo tumeandikwa kuliko mtu yeyote Kenya. Tangu 2001 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC ya Marekani wanazunguka boma kwa boma: nani amezaliwa, nani amehamia, nani amekufa na alikufaje. Boma letu lina namba. Nilikuwa kijana walipoanza, sasa nina wajukuu na bado wanakuja.

Marehemu mama aliwapenda. Aliwapa viti, akawapa habari za kila mtu, na za jirani kama jirani hayupo. Kwake mgeni mwenye kalamu ni heshima. Mimi nilijibu kwa sababu mama alijibu. Binti yangu wa mwisho, amemaliza kidato cha nne, aliwauliza mlangoni: "Mnaweka kwa miaka mingapi? Nikitaka nitolewe natolewaje?" Yule kijana wa utafiti alimjibu vizuri, ana karatasi ya ridhaa, alieleza yote. Wala si mara ya kwanza kuieleza, ila sisi tulikuwa tunaweka sahihi na kumuuliza kama atakunywa chai.

Sina ugomvi na utafiti. Umeokoa watoto wengi wa huku kwa habari za malaria. Nasema tu kwamba swali lilichukua vizazi vitatu kufika mlangoni.

#8. Omwami_Tulia, Bungoma

Mimi nilibadilika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, naweza hata kuwapa dakika.

Nilikopa 4,000 kwenye programu ya simu. Nilipoipakua ikaniomba ruhusa ya majina yote niliyohifadhi, nikabonyeza kubali, nani husoma? Nikachelewa siku tisa. Hiyo Jumanne mama mkwe akapigiwa. Mama mkwe, jamani. Mimi ni Mbukusu, yule mama hata mkono sijawahi kumpa, tukikutana njiani mmoja anapisha. Kijana wa simu akamwambia mkwe wake ni mwizi na amemweka yeye kuwa mdhamini. Sikumweka. Walichukua tu "Mama Wakwe" kwenye orodha wakaona pana uchungu. Wakampigia na mwenyekiti wa chama, mchungaji, na fundi aliyenijengea choo.

Nilizoea kufikiri kama wateja wa Kapteni. Kampuni iko Nairobi au Uchina, inijue, hainihusu, mimi naogopa watu wa hapa. Sikujua kwamba kampuni ikiwa na majina yangu yote inaweza kuja kusimama uani kwetu na kuongea na watu wa hapa. Ile ruhusa ilikuwa mlango wa nyuma.

Deni nimelipa. Mama mkwe hatujazungumza, lakini hata zamani hatukuwa tunazungumza, kwa hiyo sijui kama amekasirika.

#9. Wakili_wa_Mtaa, Kakamega

Omwami, pole sana. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza hasa hilo la kuchokora majina ya simu na kuwapigia watu wasiohusika. Na mwaka 2023 mkopeshaji mmoja alitozwa 2,975,000 kwa kutumia namba za watu alizozipata kwa wengine. Unaweza kulalamika kwa Kamishna, huhitaji wakili, na malalamiko yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90.

#10. Omwami_Tulia, Bungoma

Wakili asante. Lakini nikilalamika si nitaandika tena jina langu mahali?

#11. Boda_Msomi, Njoro

Mimi nitasema msichotaka kusikia. Faragha ni ya mwenye chakula.

Mwaka 2023 nilikuwa Nairobi nikitafuta kazi. Worldcoin, wale wa kupiga picha mboni za macho, walikuwa kwenye jumba la KICC, unatazama kwenye mpira unaong'aa, unapewa sarafu za mtandaoni zilizofika kama 7,000. Foleni ilizunguka jengo. Nilipanga. Nililipa kodi ya nyumba mwezi ule kwa jicho langu. Serikali ikasimamisha mnamo Agosti, wabunge wakafoka, wazungu wakatuandika kwenye magazeti kama watu waliouza roho. Hakuna aliyeuliza nilikuwa nimekula nini.

Na tena, serikali hiyo hiyo 2019 ilitupanga foleni ya Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho, kwa alama za vidole na haikunipa hata soda. Mahakama ilibidi iwazuie kuchukua DNA. Laini ya simu 2022 tukapigwa picha tena. Mlinzi wa geti anaandika kitambulisho changu kwenye kitabu kila nikipeleka mzigo, na kitabu kimeachwa juu ya kiti, ukurasa wazi. Jicho langu limeonwa bure miaka mingi. Worldcoin ndio wa kwanza kulilipa.

#12. Sista_Kliniki, Homa Bay

Mwanangu, sikulaumu. Lakini hukuuza jicho kwa siku moja tu. Neno la siri likivuja unabadilisha. Jicho utabadilisha na nini?

#13. Boda_Msomi, Njoro

Hapo umenipata kidogo, mama. Ila Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data ile ifutwe. Nilifurahi, halafu nikajiuliza nitajuaje kwamba wamefuta. Nani atanionyesha kitu ambacho hakipo?

#14. Maragoli_Ughaibuni, Ujerumani

Nawasoma nikiwa zamu ya usiku, wazee wangu wamelala.

Huku walinichanganya mwanzoni. Google walipoleta picha za mitaa mwaka 2010, kaya kama 244,000 ziliomba nyumba zao zizibwe ukungu. Nyumba! Ukuta wa nje, ambao kila mpita njia anauona! Nilicheka mpaka bibi mmoja ninayemtunza, mzaliwa wa Ujerumani Mashariki, akaniambia polisi wa siri walikuwa na faili lake, na nusu ya faili iliandikwa na jirani wa ghorofa ya pili aliyekuwa akimletea keki. Nikaacha kucheka. Kapteni, unasema sisi tunaogopa jirani, na Wakili anasema huku wanaogopa dola. Kwa huyu bibi jirani na dola walikuwa mtu mmoja. Kama Omwami na kampuni yake ya mkopo.

Halafu nina rafiki Uswidi. Kule unapiga simu ofisi ya kodi unauliza jirani yako alitangaza mapato gani, unaambiwa, na huulizwi wewe ni nani. Nilipomsimulia mama yangu wa Mbale alishika kichwa: "Na wanaoana vipi?" Wanorwe nao waliziweka orodha mtandaoni, watu wakawa wanachunguzana usiku kucha. Mwaka 2014 wakaongeza kitu kimoja: ukimchungulia mtu, yeye anaona ni wewe. Uchunguzi ukapungua ghafla.

Ningependa hicho kiwe kwenye Hakikisha ya M-Pesa. Mtu ana namba yako, anajifanya anatuma pesa, jina lako linatokea, anaghairi. Najua wengi hapa mnafanya hivyo kabla ya kumjibu msichana.

#15. Nyar_Nyalenda, Kisumu

Kabla ya kumjibu mwanamume pia. Hiyo si udaku, ni usalama. Kuna mmoja aliniambia yeye ni Brian, simu ikasema ni Mama Boi.

#16. Jicho_Kali, Lanet

Mmezunguka Ujerumani na Uswidi mkarudi. Mimi nina swali moja kwa mleta mada na amelikwepa tangu mwanzo. Wewe una saiba. Watu wanatolea kopi vitambulisho na fomu za mkopo kwako. Kopi zilizoharibika unapeleka wapi?

#17. Kapteni_Saiba, Nakuru

Nimechukua siku mbili kujibu. Sitajificha.

Printa yangu kubwa ina ugonjwa. Inachora mstari mwembamba mweusi upande wa kushoto, umepinda kidogo kwa chini. Nimeshaita fundi mara mbili. Ile karatasi ya njugu ina mstari huo. Niliuona Jumamosi ile ile, kabla hata ya kumwonyesha mke wangu, nikajifanya sijauona, nikaja hapa kuwaandikia habari za hodi na sitara.

Kopi zilizoharibika nilikuwa naweka kwenye katoni chini ya meza. Ikijaa, mama wa njugu ananipa 100 au ananipimia njugu. Miaka mitano sasa.

Wakili alinitumia ujumbe kando. Biashara yangu ni ndogo, mapato hayafiki milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi ni wawili, kwa hiyo silazimiki kujisajili kwa Kamishna, lakini wajibu wa kulinda habari za watu unanihusu vile vile. Katoni nimechoma nyuma ya duka. Daftari la maneno ya siri nimeanza kulirudisha ukurasa kwa ukurasa: mteja akija namchania wake. Wengine wanakataa, wanasema, "Kaa nalo Kapteni, mimi nitapoteza."

Na nilimpigia yule dada. Namba yake ilikuwa pale, chini ya chumvi. Nikajitambulisha, nikamwambia mimi ndiye mwenye saiba, karatasi yake ilitoka kwangu, kitambulisho chake kimezunguka mjini, aangalie asije akafunguliwa laini au kukopewa kwa jina lake. Nilimweleza yote. Alikuwa kimya muda mrefu nikadhani mtandao umekatika.

Kisha akauliza, "Huyo mama wa njugu, ni wa huku Free Area?"

Nikamwambia hapana, ni wa steji.

"Na kiasi nilichoomba kinasomeka?"

Nikamwambia kinasomeka.

"Nani mwingine amekiona?"

Nikamwambia ni mimi tu. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, anakunja nguo, hakuinua macho.